Soma Risiti Kabla ya Kilomita

Zipo S-Class za Mercedes na BMW za 7 Series zilizowahi kubeba mabalozi na wakurugenzi wa benki ambazo leo, Dar es Salaam au Nairobi, zinauzwa kwa bei isiyoizidi sana ile ya Toyota ndogo iliyoteremshwa bandarini mwezi uliopita. Anayeziona hupigwa na hesabu tamu: viti vya ngozi, mbao za kweli kwenye dashibodi, injini ya silinda 8, utulivu wa ndani unaomsahaulisha mtu barabara, vyote kwa bei ya IST. Kisha humgeukia dalali na kumuuliza swali ambalo dalali ameshaliandalia jibu tangu asubuhi: imetembea kilomita ngapi? Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba swali hilo linastahili kuulizwa la mwisho. Bei ndogo ya gari la kifahari lililozeeka si zawadi, wala si adhabu ya kilomita. Imebeba ndani yake kazi ambazo gari lilipaswa kufanyiwa zamani na hazikufanywa, kila mwenyewe akimsukumia anayefuata. Anayenunua gari hilo hununua pia deni la matengenezo. Ukubwa wa deni ukijulikana, na likiwa linalipika kwa mafundi na spea zinazopatikana hapo mtu alipo, gari lenye kilomita 300,000 linaweza kuwa ununuzi wa busara. Deni lisipojulikana, hata gari lenye kilomita 70,000 ni kamari.

Deni hili huzaliwa na bei mbili zisizokwenda pamoja. Bei ya gari hushuka kila mwaka. Gharama ya kulihudumia haishuki nayo. Pampu, shokapu na kompyuta za gari la kifahari zilipangiwa bei kwa ajili ya mtu aliyeweza kulinunua likiwa jipya, na kiwanda hakina sababu ya kumhurumia mmiliki wa nne. Tuchukue mfano wa kubuni, wa hesabu tu. Gari liliuzwa jipya kwa shilingi milioni 200 na sasa linauzwa kwa milioni 20. Ubovu mmoja unaogharimu asilimia 2 ya bei ile ya kwanza ni milioni 4. Kwa mmiliki wa kwanza hilo lilikuwa jambo la kumalizwa na karani wa ofisi. Kwa mmiliki wa nne ni moja ya tano ya thamani ya gari zima. Hapo ndipo maamuzi hubadilika. Mmiliki wa kwanza, ambaye mara nyingi ni kampuni au taasisi, hupeleka gari kwa wakala na wala haitazami ankara. Wa pili hufanya hivyo mpaka muda wa dhamana uishe. Wa tatu huanza kuchagua: breki tutengeneze, giaboksi isubiri. Wa nne hutafuta mtu wa kuzima taa za dashibodi. Mnunuzi anayesoma tangazo ni wa tano, na gari linamfikia yeye, mwenye mfuko mwembamba kuliko wote waliotangulia, wakati ule ule linapodai fedha nyingi kuliko lilivyowahi kudai. Gari dogo la kawaida halina mteremko mkali namna hii, kwa kuwa mmiliki wake wa kwanza na wa nne hawapishani sana kipato, na spea zake zilipangiwa bei ya watu wa aina hiyo tangu mwanzo.

Mtu atasema: sawa, lakini kilomita si zinachosha injini? Zinachosha, ila kilomita moja si sawa na nyingine. Injini haihesabu umbali. Inahesabu mizunguko, joto na mara ilizowashwa ikiwa baridi. Gari lililotembea kilomita 240,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa, yaani safari za Dodoma, Arusha na Mbeya, limefanya kazi saa 4,000. Gari lililotembea kilomita 90,000 tu katika foleni za mjini kwa wastani wa kilomita 18 kwa saa limefanya kazi saa 5,000, na nyingi kati ya saa hizo limesimama, feni ikivuma, giaboksi ikiingia na kutoka gia ya kwanza. Odomita inalionyesha la pili kuwa jipya zaidi. Ushahidi wa upande mwingine unajulikana. Mgiriki Gregorios Sachinidis, dereva teksi wa Thessaloniki, alikabidhi Mercedes-Benz 240D yake ya 1976 kwa makumbusho ya kampuni hiyo mwaka 2004 ikiwa imetembea kilomita milioni 4.6. Mwandishi wa magari wa Marekani Matt Farah alinunua Lexus LS400 ya 1996 ikiwa na karibu maili 900,000, na mwaka 2019 ikavuka maili milioni moja, sawa na kilomita milioni 1.6. Mifano hii hupenda kutolewa kuthibitisha kwamba magari ya zamani hayafi. Haithibitishi hivyo. Ile 240D ilibadilishwa injini mara kadhaa. Inachothibitisha ni jambo dogo zaidi na lenye manufaa zaidi: gari ambalo kila kazi yake inalipiwa kwa wakati wake halina kilomita ya kufia.

Na kuna kundi kubwa la mabovu ambayo hayajali kabisa gari limetembea kiasi gani, kwa sababu yanaletwa na miaka. Mercedes za mwanzo na katikati ya miaka ya 1990, ikiwemo E-Class ya W124 inayosifiwa kuwa haivunjiki, zilifungwa waya za injini ambazo ganda lake hukauka na kupukutika kwa joto na umri. W124 iliyolala gereji ikiwa na kilomita 80,000 ina waya zile zile zinazopukutika kama ya teksi iliyotembea 400,000, isipokuwa ya teksi huenda imeshabadilishwa. Injini ya BMW ya V8 iitwayo N62, iliyowekwa kwenye 7 Series za 2001 hadi 2008 na ndugu zake, ina bomba la maji lililopita katikati ya safu mbili za silinda. Mpira unaoliziba mbele hukakamaa kwa joto, maji yakaanza kupotea kidogo kidogo bila dimbwi chini ya gari, na siku moja gari linachemsha. Injini hiyo hiyo ina sili za valvu zinazokauka: ikisimama kwenye taa za barabarani dakika mbili, kisha ikaondoka, huacha wingu la moshi wa bluu nyuma yake. LS400, pamoja na sifa zake zote, huvuja oili ya pampu ya usukani ambayo hudondokea alternata iliyo chini yake na kuiua. Bushi, hozi, mifuko ya shokapu za upepo, plastiki za rejeta, gundi ya dari: vyote hivi vinahesabu kalenda. Kwa hiyo gari la miaka 18 lenye kilomita chache lisichukuliwe kuwa limetunzwa. Mara nyingi limeahirishiwa tu.

Soko linajua haya vibaya, na kwa nini linayajua vibaya ni jambo ambalo mwanauchumi George Akerlof alilichambua mwaka 1970 katika makala iliyotumia magari yaliyotumika kuwa mfano wake mkuu, kazi iliyomwingiza katika Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001. Muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui. Mnunuzi hujikinga kwa kutoa bei ya gari bovu. Mwenye gari zuri anaona bei hiyo haimfai, analiondoa sokoni. Yanayobaki ni mabovu. Mnunuzi asiye na taarifa hushika kipimo kimoja rahisi, nacho ni kilomita. Kipimo kimoja kikishaamua bei, huwa na faida kukichezea, na odomita za kielektroniki hurudishwa nyuma na mtu mwenye kompyuta ya mkononi ndani ya muda wa kunywa chai. Hapa ndipo nafasi ya mnunuzi makini ilipo. Gari lenye kilomita nyingi zilizoandikwa wazi, likiwa na bahasha ya risiti, huuzwa chini ya thamani yake kwa sababu wengi wanaikimbia namba. Gari lenye kilomita chache lisilo na karatasi huuzwa juu ya thamani yake kwa sababu namba hiyo hiyo inawavuta. Mwenye kupita kati ya hofu na tamaa hizo mbili ananunua vizuri.

Sheria za nchi zetu zimegawa kazi ya kusoma karatasi kwa namna tofauti. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo gari la kifahari la miaka 15 linalouzwa Nairobi lina angalau miaka 7 ya maisha ya huko huko, na historia yake inaweza kufuatiliwa kwenye gereji zilizolihudumia. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania haikuweka ukuta bali huongeza ushuru kadiri gari linavyozeeka, ndiyo maana Crown na Mercedes za umri mkubwa bado huteremka moja kwa moja kutoka Japani. Mnunuzi wa Tanzania ana faida moja ambayo wengi hawaitumii. Japani gari binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3 ya kwanza na kila miaka 2 baada ya hapo, na cheti cha ukaguzi huandikwa kilomita zilizosomwa siku hiyo. Karatasi ya mnada nayo hutoa daraja la gari na kuchora mikwaruzo, kutu na paneli zilizobadilishwa. Gari likifikisha miaka 13, kodi yake huko hupanda. Kwa hiyo Mjapani hauzi kila mara kwa kuwa gari limeharibika. Mara nyingi anakimbia ukaguzi na kodi. Anayeagiza bila kudai karatasi hizi ametupa ushahidi bora kabisa utakaowahi kuwapo kuhusu gari lake.

Risiti zisomwe kama mkaguzi wa hesabu anavyosoma vitabu: anatafuta kilichokosekana. Oili ya injini kubadilishwa kila baada ya muda ni jambo la chini kabisa, na kila muuzaji anayo risiti ya oili. Kinachosema zaidi ni kazi ambazo hazionekani na ambazo mtu mvivu huziruka: oili ya giaboksi, maji ya breki, maji ya rejeta, taimingi belti. Giaboksi za ZF za gia 6, zilizoanza na BMW ya 7 Series mwaka 2001, ni mfano unaotosha. BMW iliziuza kwa maelezo kwamba oili yake ni ya maisha yote. ZF yenyewe, iliyozitengeneza, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au baada ya miaka 8. Maisha yote ya nani, ndilo swali la kumuuliza mwenye gari lenye kilomita 210,000 ambalo halijawahi kuguswa. Baada ya karatasi kuna ukaguzi wa macho na masikio. Gari lisikilizwe likiwa limelala usiku mzima, maana cheni ya taimingi iliyolegea hupiga kelele sekunde za kwanza asubuhi kisha hunyamaza. Muuzaji anayekukaribisha na injini iliyokwisha kupata moto ana lake jambo. Lenye shokapu za upepo lilazwe pia, kesho yake litazamwe kama kona moja imezama. Matairi manne ya aina moja husema mengi kuhusu mwenye gari, na matairi manne ya makampuni manne husema mengi zaidi. Kisha lipelekwe kwa fundi mwenye mashine inayosoma kompyuta zote za gari, si kile kidude cha bei rahisi kinachosoma injini peke yake. Mashine hiyo ikionyesha kwamba mifumo ya gari bado haijakamilisha majaribio yake ya ndani, maana yake kumbukumbu za hitilafu zilifutwa hivi karibuni, au betri ilichomolewa, na mtu anastahili kuulizwa kwa nini.

Hata deni lililosomwa vizuri si lazima lilipike. Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa magari wanaosema kila gari linafaa mradi limetunzwa. Mercedes E-Class ya W211, iliyotoka mwaka 2002, ilikuja na mfumo wa breki unaoendeshwa kwa umeme uitwao SBC. Kitengo chake cha pampu huhesabu mara ulizokanyaga breki, na hesabu ikifika kikomo kilichowekwa kiwandani huwasha onyo jekundu, hata kama breki zinashika vizuri. Mfumo huo ulileta mirejesho ya magari kiwandani mwaka 2004, na Mercedes ikauacha kwenye E-Class iliyofanyiwa maboresho mwaka 2006. Kwa mnunuzi wa leo, W211 ya 2005 na ya 2007 zikisimama pamoja zinafanana kama pacha, lakini moja ina breki ambayo fundi yeyote mwenye akili ataihudumia na nyingine ina kitengo kimoja ambacho kikifa hakina mjadala. Vivyo hivyo injini za M272 za miaka ya mwanzo zilikuwa na gia ya shafti ya kusawazisha iliyolika mapema, na kuibadilisha kunataka injini itolewe nje. Mercedes ilibadilisha kifaa hicho baadaye, na namba ya injini inatosha kujua gari liko upande gani. Mnunuzi anayejua mambo mawili kama hayo kuhusu gari analolitaka ana silaha kuliko anayejua bei za magari mia.

Kwa kipimo hicho, magari ya Japani ya hadhi ya juu yana nafasi ambayo sifa za nyota ya Mercedes na figo za BMW haziwezi kuiziba kirahisi katika mazingira yetu. LS400, ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Toyota Celsior, ni gari zito la kifahari kwa kila kipimo, lakini V8 yake ya 1UZ-FE ni mashine ya kimyakimya inayotaka taimingi belti, oili na subira. Usumbufu wake ni wa kazi, si wa siri: starta yake, kwa mfano, imefichwa chini ya manifoldi juu ya injini, kwa hiyo kubadilisha kitu cha bei ya wastani kunachukua siku nzima. Crown ya miaka ya 2003 hadi 2008 inatumia injini ya V6 ya 4GR-FSE ambayo imo pia kwenye Mark X, gari lililojaa mitaani, na hivyo kila gereji imeshaifungua. Wengine huliona hilo kuwa dosari, kwamba Crown si ya kifahari kweli kwa kuwa ina undugu na magari ya kawaida. Kwa mtu wa tano kulimiliki, undugu huo ndio wenye thamani kuliko ngozi ya viti.

Spea ni nusu nyingine ya swali. Wenye magari ya Ulaya hupenda kusema kila kitu kinapatikana, na kwa maana fulani ni kweli: kisipokuwepo Kirinyaga Road, Nairobi, au Kariakoo, kipo Kisekka, Kampala, na kisipokuwepo huko kitaagizwa Sharjah, ambako magari yaliyovunjwa hupangwa kwa mamia ya maduka. Lakini kupatikana si sawa na kufaa. Kwa vitu vya chuma na mpira, siri ya kupunguza gharama inajulikana na ni halali: nunua kwa aliyemtengenezea kiwanda. Shokapu za Sachs au Bilstein, boljointi za Lemförder, sensa za Bosch, rejeta za Behr, mara nyingi ni kile kile kilichofungwa kiwandani bila nembo ya gari, kwa bei ndogo zaidi. Kwa kompyuta na vitengo vya umeme mambo hugeuka. Kilichotolewa kwenye gari jingine mara nyingi kimefungwa kwa namba ya gari lile na hakitazungumza na la kwako mpaka kiandikwe upya, na anayekiuza hajui au hasemi kilitokaje. Baada ya mafuriko yaliyozikumba Dubai na Sharjah mwezi Aprili 2024, magari mengi yalizama kwenye maji, na kompyuta iliyowahi kulowa inaweza kufanya kazi vizuri miezi kadhaa kabla kutu haijafika kwenye nyaya zake ndogo. Spea feki nazo zina hesabu yake: bushi feki ikifa kwa miezi minne umelipa ufundi mara tatu kwa mwaka. Pampu ya maji feki ikifa barabarani Chalinze, umelipa injini.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka kwa mafundi wetu wenyewe, na nalichukua kwa uzito. Wanasema vitabu vya Ujerumani viliandikwa kwa watu wasiojua kubuni, na kwamba hapa kila kitu hutengenezeka. Wako sahihi kwa kiasi ambacho waandishi wengi hawakubali. Shokapu za upepo zilizokufa zinaweza kubadilishwa kuwa za springi kwa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi. Gari litapoteza ulaini kidogo na litalalamika kwenye dashibodi mpaka kompyuta yake ifahamishwe, lakini litatembea miaka. Lile bomba la maji la N62 ni ushahidi mzuri wa ubunifu: njia ya kiwanda ilitaka sehemu kubwa ya injini ifunguliwe, mpaka watengenezaji wa nje wakabuni bomba linaloingizwa likiwa fupi kisha likatanuliwa ndani, na kazi ikapungua mara nyingi. Ubunifu unaofaa ni ule unaoelewa kifaa kinafanya kazi gani kabla ya kukibadilisha. Unaoua magari ni ule mwingine: kuondoa thamostati ili gari lisichemshe, hali kinachochemsha ni rejeta iliyoziba, kukata waya wa taa ya onyo, kuunga kompresa ya upepo moja kwa moja kwenye betri, ikavuma kutwa mpaka ikaungua, kwa kuwa hakuna aliyeziba mfuko uliopasuka. Kazi za namna hii huongeza deni huku zikilificha, na gari lililopita gereji bubu tatu mara nyingi ni ghali kulifufua kuliko lililotelekezwa tu.

Mpangilio wa matengenezo baada ya kununua ndio unaoonyesha kama mtu ameelewa alichonunua. Wengi huanza na rangi, rimu na skrini kubwa mpya. Na kwa skrini nawaelewa kidogo, maana redio ya gari la Japani imepangwa kwa masafa yanayoanzia 76 na kuishia karibu na 90 hadi 95, na mtu amechoka kusikia stesheni tatu. Lakini fedha ya mwanzo iende kwenye vitu vinavyoweza kuua vingine. Mfumo wa maji ya kupozea ni wa kwanza: rejeta, hozi, pampu, thamostati, kifuniko cha tangi la maji, hata kama hakuna kinachovuja, kwa sababu injini za alumini hazisamehe joto, na gari likishachemsha mara moja gasketi ya silinda hedi huanza kuhesabu siku. Oili zote na filta zake zibadilishwe ili hesabu ianze kwa mmiliki mpya. Breki na matairi havina mjadala. Baada ya hapo gari liendeshwe miezi michache kabla ya kugusa kingine chochote, maana gari lililokaa huficha mabovu yanayojitokeza tu likianza kazi, na kila hitilafu itajipanga yenyewe kwa umuhimu wake. Bushi na shokapu zifuate. Ngozi na rangi zingoje mwaka wa pili. Kwa yote hayo fedha lazima iwepo siku ya kununua. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba mwenye milioni 20 anunue gari la milioni 13. Akitumia zote 20 kwenye bei, amenunua gari atakaloliweka juu ya mawe.

Kwa nini basi mtu asichukue fedha hiyo akanunua gari dogo, jipya zaidi, lisilo na masimulizi? Kwa wengi hilo ndilo jibu sahihi, na anayehitaji gari moja tu la kumfikisha kazini kila siku asisome zaidi. Mafuta ya V8 katika foleni hayana punguzo la uzee. Makampuni mengi ya bima husita kutoa bima kubwa kwa gari lililopita umri fulani, kwa hiyo ajali moja inaweza kufuta kila kitu kilichowekwa. Siku gari linapolala gereji wiki mbili likisubiri kifaa, nayo ni gharama, ingawa haina risiti. Lakini kulinganisha kufanywe kwa haki. Gari dogo jipya zaidi nalo hupoteza thamani kila mwaka, wakati la kifahari la miaka 18 limeshapoteza karibu yote liliyokuwa nayo ya kupoteza. Kwa mwenye gari la pili nyumbani, safari ndefu za barabara kuu na fundi anayemwamini, jumla ya miaka mitano ya hayo mawili inaweza kukaribiana kuliko watu wanavyodhani, na moja kati yake lina mifuko ya hewa 8, bodi nzito na viti vinavyomfikisha mtu Mbeya bila maumivu ya mgongo.

Linabaki swali la wakati wa kuacha. Usemi wa gereji ni kwamba usitengeneze gari kwa fedha inayozidi thamani yake, na usemi huo unapotosha. Thamani ya sokoni ni ya gari lisilojulikana. Gari ambalo umeshalipia mfumo wa maji, giaboksi, breki na bushi linajulikana, na wewe ndiye unayelijua. Likiua alternata au hata giaboksi, kulinganisha kwa haki ni kati ya gharama ya kazi hiyo na gharama ya kununua gari jingine pamoja na deni lake jipya usilolijua, na mara nyingi kutengeneza kunashinda ingawa ankara inatisha. Mambo matatu yanavunja hesabu hii. Kutu iliyofika kwenye nguzo za bodi na sehemu zinazoshika shokapu, kama inavyotokea kwa S-Class za W220 zilizotumika karibu na bahari. Ajali iliyopinda chesisi, hata ikinyooshwa vizuri machoni. Na maji ya mafuriko yaliyofika juu ya sakafu, ambako kompyuta na viunganishi vya waya vimelala chini ya zulia. Hayo yakigunduliwa kabla ya kununua, ondoka hata kama bei imeshushwa nusu. Yakigunduliwa baada ya kununua, gari liuzwe kwa vipande, kuanzia injini.